Fundi Meno na Zipu za Marashi

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama katikati ya stoo, koti la mwanamume mwingine mkononi, na ndani ya koti hilo uzi wa mke wangu.

Aliyeanza leo nisimchoshe. Kiwanda chetu kinashona mabegi. Zamani hata zipu tulitengeneza wenyewe, na mkuu wa idara hiyo nilikuwa mimi. Waya wa shaba unaingia mashineni upande huu, meno ya zipu yanatokea upande ule. Ndiyo maana mpaka leo wananiita Fundi Meno.

Kisha serikali ikaondoa ushuru wa bidhaa za nje. Zipu zikamiminika kwa makontena, bei yake ikawa chini ya ile tuliyonunulia waya peke yake. Idara yangu ikafungwa. Mashine zikafunikwa turubai, wenzangu wakaagwa, mimi nikahurumiwa nikapewa stoo. Kazi yangu ikawa kupokea na kutunza zipu zilezile zilizoniua.

Na idara ya kushona je? Hapo ndipo roho inaponiuma. Zipu rahisi, kitambaa rahisi, mabegi yetu yakaanza kuvuka mipaka. Wakaajiriwa washonaji wapya, ikaongezwa shifti ya pili. Na msimamizi wa ushonaji akateuliwa nani? Mke wangu. Amri iliyonishusha mimi ndiyo iliyompandisha yeye. Mimi nikabaki nagombana na panya stoo, yeye ana kiti cha kuzunguka na futi ya kupimia shingoni.

Wakala anayetuletea hizo zipu ndiye mwenye koti. Tunamwita Marashi, maana harufu yake hufika kabla yake na huondoka kesho yake.

Sasa sikilizeni. Kiwandani kwetu kila mshonaji ana rangi yake ya uzi wa kufungia mshono, kwa ndani, mahali mnunuzi haoni. Begi likirudishwa tunageuza bitana, tunaona rangi, tunajua wa kumwita. Ya mke wangu ni rangi ya chungwa. Kiwanda kizima hakuna mwingine mwenye rangi hiyo.

Na bitana ya koti la Marashi ilikuwa imeshonwa upya, ikafungwa kwa uzi wa rangi ya chungwa. Tena kwapani, jamani! Si mfukoni, si kwenye kifungo. Kwapani!

Nikiwa bado nimelikodolea macho, mwenyewe akaingia.

"Fundi! Afadhali umeniwekea. Nilidhani nimelipoteza."

"Hili hapa," nikasema, nikalinyoosha kwa vidole viwili.

"Lilichanika nikipakua maboksi. Tazama lilivyoshonwa, hata hujui kama lilichanika."

"Nani kakushonea?"

Nilimjua aliyemshonea. Nilitaka nilisikie jina likitoka kwenye kinywa chake.

"Si shemeji! Una bahati wewe bwana. Mikono ile ni myepesi, acha mchezo." Akalivaa, akajitazama mbele na nyuma. "Tulikaa pale kantini, yeye anashona, tunaongea. Maongezi yakanoga mpaka chai ikapoa."

Akaondoka na koti lake. Mimi nikakaa juu ya boksi.

Mpaka chai ikapoa! Tangu mke wangu apewe kile kiti, hajakaa na mimi mpaka chai ikapoa. Mimi chai nainywa nikiwa nimesimama, na wakati mwingine naipika mwenyewe.

Siku hizi ninatangulia kufika nyumbani, kwa hiyo jiko ni langu. Mama mkwe tunakaa naye, alikuja kutusaidia watoto na hajasahau kunisimamia na mimi.

"Mkwe wangu," akaniambia jioni ile, "hivyo vitunguu vimekukosea nini?"

"Nakata tu, mama."

"Hukati, unaviua."

Mke wangu akaingia, akavua viatu mlangoni, akajitupa kwenye kiti. "Habari za kutwa, baba watoto?"

"Nzuri. Kazi nyingi?"

"We acha tu. Ile oda ya mabegi ya shule imepatikana, tunaanza kushona. Mnunuzi atakuja mwenyewe kukagua. Akiridhika, tuna kazi ya mwaka mzima. Asiporidhika, meneja anasema shifti ya pili yote itaenda nyumbani."

"Zipu mnatia zipi?"

"Zipi tena? Si hizo za wakala. Zinateleza, hata huzisikii mkononi."

Huzisikii mkononi! Jamani, nikaionea wivu zipu. Zipu yangu mimi ulikuwa unaisikia. Ukifunga begi, jirani anajua begi limefungwa.

"Na huyo wakala," nikasema, macho yangu kwenye sufuria, "ni mtu wa maongezi?"

"Nani, Marashi? Ana maneno yule! Mpaka unasahau ulichomwitia."

"Kumbe huwa unamwita."

Akainua kichwa. "Baba watoto, una nini?"

"Sina kitu."

"Ana wivu," mama mkwe akasema kutoka pembeni, wala hakuacha kuchambua maharage. "Marehemu baba yako alikuwa vivyo hivyo. Aliwahi kumwonea wivu muuza mkaa, mzee wa watu hana hata meno."

Mke wangu akacheka mpaka akashika mbavu. "Wivu? Kwa Marashi? Mwanamume anayeoga manukato kama bibi harusi!"

Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Niliona anacheka mno, na mtu anayecheka mno ana kitu anakifunika. Hivyo ndivyo kichwa changu kilivyokuwa kinafanya kazi siku hizo.

Akaja jikoni, akanishika bega. "Kuna jambo nataka kukwambia. Lakini bado, mpaka liive."

"Jambo gani?"

"Nimesema likiiva."

Mnaweza kufikiria wenyewe nililala vipi. Mke ana jambo na mwanamume mwingine ana koti. Nikajumlisha, nikapata jibu langu.

Kesho yake nikaingia stoo na nia mbaya, sitaki kuwaficha.

Chini ya rafu ya mwisho kulikuwa na debe lenye vichwa vya zipu vilivyobaki siku idara yangu ilipofungwa. Kichwa cha zipu ni kile kipande unachokivuta kufunga na kufungua. Vya kwangu vilikuwa vizito, vinang'aa, na kwa chini nilikuwa nimevigonga alama ya nyota ndogo. Nilivitunza debeni kwa kushindwa tu kuvitupa.

Sasa kuna jambo wanalolijua watu wa zipu peke yao. Kichwa na meno lazima vitoke kwa fundi mmoja. Kichwa changu kilikuwa kipana kidogo tu kuliko cha Marashi, kwa macho huoni. Ukikitia kwenye meno ya Marashi, mwanzoni kinakwenda vizuri kabisa. Lakini kadiri unavyofungua na kufunga, kinazidi kulegea, mpaka meno yanaanza kuachana nyuma yake. Kichwa kimefika mwisho, begi liko wazi.

Nikachukua boksi moja la vichwa vya Marashi, lenye nembo yake ubavuni. Nikavimwaga vyake, nikajaza vyangu.

Shabaha yangu ilikuwa mabegi ya maduka ya mjini, yale yanayoshonwa na shifti ya pili. Shifti ile ina msimamizi wake, mke wangu haigusi. Tena washonaji wake ni wapya, hawajawahi kuona kichwa cha zipu yangu maishani. Mabegi yangekwenda madukani, yangefunguka, yangerudi. Meneja angemwita Marashi na kumwambia chukua takataka zako, usirudi hapa. Na mke wangu angebaki na mume wake na chai ya moto.

Boksi nikaliweka karibu na mlango, juu limefunuliwa, likiwasubiri shifti ya pili.

Mchana ule Marashi akaja na marobota ya kitambaa. Stoo yangu ina dirisha dogo la wavu linalotazama uani. Nikasogea pale, nikajifanya nahesabu maboksi.

Mke wangu akatoka kumpokea. Wakasimama karibu na lori. Akawa anaongea kwa haraka, kama anavyoongea akitaka kitu. Marashi anatikisa kichwa, anacheka. Halafu, Mungu wangu, mke wangu akamshika kidole. Akatoa uzi mfukoni, akauzungusha kwenye kidole kile, akamwonyesha kitu, akaufungua, akauzungusha tena.

Damu ikanipanda. Mimi kidole changu nimekigonga kwa nyundo miaka yote hii, nani alinizungushia uzi?

Nikaondoka dirishani, nikaelekeza uso ukutani, nikaanza kupanga rafu iliyokwisha kupangwa.

Mlango ukasukumwa. Nilimjua kwa hatua zake.

"Baba watoto, nimekuja kuchukua vichwa vya zipu vya ile oda ya shule."

Sikugeuka. "Chukua unachotaka. Bosi si wewe?"

"Hutaki hata kunitazama?"

"Nina kazi."

Nikasikia anapekuapekua nyuma yangu. Kisha nikasikia kicheko kidogo, cha mtu aliyefurahi peke yake.

"Haa! Kumbe! Basi ahsante," akasema.

Ahsante ya nini, sikuuliza. Nilikuwa nimenuna, na mimi nikinuna nanuna kikamilifu. Nikasubiri hatua zake ziishe ndipo nikageuka.

Jioni nikatazama karibu na mlango, boksi langu halipo. Shifti ya pili ilikuwa imekwisha kuingia, na wale hawana adabu ya kuomba, wanajichukulia. Nikajua ndio waliolibeba. Nikafunga stoo napiga mluzi.

Tangu siku ile nikawa nasubiri mabegi yarudi. Kila lori likiingia getini nachungulia. Marashi naye akiniamkia namwitikia kwa uchangamfu, namuuliza habari za nyumbani, namwambia koti limemkaa vizuri. Hata mama mkwe alishangaa, akasema siku hizi vitunguu vimepona.

Mke wangu alikuwa harudi mapema. Alikuwa anakagua mabegi ya oda yote, moja moja, bitana na mishono, anafunga mshono wa mwisho kwa uzi wake, kisha anayatia kwenye maboksi kwa mkono wake. Alikonda. Nilimwona, na sikumwonea huruma, nilidhani anakondeshwa na mapenzi.

Siku ya mnunuzi ikafika. Nilikuwa stoo, bawabu akaja anahema.

"Fundi, unaitwa ofisini kwa meneja. Sasa hivi!"

"Kuna nini?"

"Mambo ya zipu. Zimefunguka. Wakala naye ameitwa."

Moyo ukaruka kwa furaha. Mabegi ya madukani yamerudi, nikajiambia, tena mbele ya mnunuzi, ukitaka aibu ndiyo hiyo! Nikachomekea shati. Nikachana nywele. Nikaenda ofisini kama mtu anayekwenda kupokea zawadi.

Nikafungua mlango. Meneja amesimama, uso umemvimba. Marashi yuko dirishani na koti lake. Mke wangu yuko katikati ya chumba, mikono nyuma. Na kwenye kiti cha wageni ameketi mnunuzi, mama wa makamo, viatu vya chini, hana kidani wala pete.

Mama huyu alikuwa na tabia moja. Mikono yake haitulii. Begi liko mapajani, anafungua zipu, anafunga, anafungua, anafunga, wala halitazami. Baadaye niliambiwa alikuwa anafanya hivyo tangu alipokaa, huku anapiga gumzo na meneja.

"Fundi," meneja akasema, "wewe ndiye mtu wa zipu hapa. Hebu tazama."

Akanipa begi. Kichwa cha zipu kimefika mwisho, na nyuma yake meno yameachana, begi limeachama.

Lilikuwa begi la shule.

Nikakigeuza kile kichwa. Nyota yangu ndogo ikanitazama. Nikafunua bitana, sijui kwa nini, mkono ulifunua wenyewe. Uzi wa rangi ya chungwa.

Nikashika meza.

"Yote yako hivyo," mnunuzi akasema. "Nimefungua boksi la juu, nimefungua la katikati. Ukivuta mara chache zinakwenda. Mtoto wa shule havuti mara chache."

"Ni zako!" meneja akamgeukia Marashi.

"Mkuu, naapa hizi si zangu," Marashi akasema. "Meno ndiyo, ni yangu. Hicho kichwa sijawahi kukileta hapa."

"Boksi lina nembo ya nani?"

"Lina nembo yake," mke wangu akasema. Sauti yake ilikuwa chini. "Lakini vichwa si vyake. Ni vya mume wangu, vile vya zamani. Nilivijua mara tu nilipovishika."

"Ukavijua, na ukavitumia?"

"Ni vizito, mkuu. Vinang'aa. Nikasema mnunuzi akishika begi hili ataona kazi. Nilikuwa nimekwenda stoo kuchukua vya kawaida, nikaviona viko mlangoni, vimewekwa wazi. Nilidhani mume wangu ameniwekea. Nilidhani ni zawadi ya oda yangu." Akanitazama kidogo, akatabasamu kwa aibu. "Aliniambia chukua unachotaka. Mambo ya kichwa kutooana na meno sikuyajua. Sisi tunashona tu."

Jamani, mmewahi kupigwa na mtu asiyejua kama anapiga?

"Fundi," meneja akanigeukia. "Vichwa vya debe la zamani viliingiaje kwenye boksi jipya?"

Huo ndio ulikuwa mlango wangu wa kutokea. Ulikuwa wazi kabisa. Ningesema neno moja tu, niliviweka mimi.

"Ni mabaki, mkuu," nikasema. "Yalichanganyika."

"Stoo yenyewe ni finyu," mke wangu akadakia, ananitetea. "Vitu vinachanganyika kila siku. Wa kukagua nilikuwa mimi. Saini ni yangu. Usimlaumu yeye."

Marashi akasogea. Kichwa kimoja kilikuwa kimechomoka na kudondoka mezani. Akakiokota, akakigeuza, akakitazama upande wa nyota.

"Boksi zima?" akauliza taratibu.

"Boksi zima," mke wangu akajibu.

"Na vya kwangu vilikwenda wapi?"

Macho yake yakatoka kwenye kile kichwa, yakaja kwangu, yakatulia. Nikaangalia saa ya ukutani. Yeye akakitia mfukoni.

Meneja alikuwa amekwisha kumgeukia mke wangu. "Na wewe ndiye uliyenitesa na habari zako za waya! Kila siku oda ipite, mkuu, oda ipite. Haya, imepita?"

"Waya gani?" nikauliza. Lilinitoka.

Meneja akashangaa. "Mkeo hajakwambia? Kila akiingia humu ni mashine zako tu. Anasema waya wa shaba nao umeondolewa ushuru siku hizi, unaingia rahisi. Anasema zipu nene za masanduku ya safari hakuna anayezileta, na wenye masanduku wanazitafuta. Tulikubaliana, oda hii ikilipa, tunafunua turubai, tunafungua idara yako upya."

"Mimi ndiye nitakayeleta huo waya," Marashi akasema, bado ananitazama. "Amenishonea koti ili nikae kitako nimsikilize. Amenizungushia uzi kwenye kidole kunionyesha unene anaoutaka. Chai ikapoa ananihubiria Fundi Meno hivi, Fundi Meno vile. Nikamwambia, mama, huyo mumeo unamtangaza kuliko sabuni."

Mke wangu akainamisha kichwa. "Nilitaka liive kwanza," akaniambia.

Ule uzi, kile kicheko, kule kukonda, yote yalikuwa yangu. Nilikuwa nimejionea wivu mwenyewe.

Mnunuzi akaweka begi mezani, akasimama.

"Kushona mnajua," akasema. "Sina ugomvi na mishono. Nitawapa muda mtoe zipu zote, mtie nyingine. Lakini aliyepitisha hizi asinipitishie tena. Nataka msimamizi mwingine, leo, kabla sijapanda gari. Vinginevyo natafuta kiwanda kingine, na viko vingi."

Meneja akajipangusa jasho. "Umesikia," akamwambia mke wangu. "Sina la kufanya. Kuanzia sasa unarudi mashineni."

"Sawa, mkuu."

"Na habari ya waya tuiache. Siwezi kwenda kwa wenye mali na mpango wa mtu aliyetaka kunipotezea oda."

"Sawa," akasema tena, polepole zaidi.

"Sasa nani?" meneja akauliza ukuta. Akatazama huku na huku, kisha akanikazia macho. "Wewe! Wewe unajua zipu kuliko sisi sote. Jambo hili lisingekupita. Fundi, chukua usimamizi wa ushonaji."

Nilijua la kusema. Nawaapia nilikuwa nalo ulimini. Mkuu, sikistahili kiti hiki, boksi nilijaza mimi, mrudishe mke wangu na mimi nifukuze.

Lakini nikawaona wanavyonitazama. Mnunuzi ananitazama kama mtu mwenye akili. Meneja ananitazama kwa matumaini. Tangu mashine zangu zifunikwe hakuna aliyewahi kunitazama hivyo. Na kiti kile cha kuzunguka, jamani, kila siku nilikuwa nakiona kupitia wavu wa dirisha langu, ng'ambo ya ua. Nilikuwa nakitamani. Tangu siku ya kwanza mke wangu alipokikalia nilikuwa nakitamani, na sikuwahi kumwambia mtu, wala kujiambia mwenyewe. Marashi nilimsingizia tu.

Isitoshe, nikikataa wataniuliza kwa nini.

"Nakubali," nikasema.

Mke wangu akavua ile futi shingoni mwake. Nilidhani ataitupa mezani. Akanijia nayo, akanivalisha kwa mikono miwili mbele ya watu wote, akaninyooshea na kola.

"Afadhali kiti kimebaki nyumbani," akasema. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, lakini alikuwa anajitahidi kufurahi. Kwa ajili yangu.

Sikuweza kumtazama. Nikatazama pembeni, nikakutana na Marashi anakuja, mkono ameunyoosha.

"Hongera, msimamizi," akasema.

Nikampa mkono. Akaubana, akaushikilia kuliko kawaida, harufu yake ikanijaa puani. Alipouachia, nikasikia kitu kigumu kimebaki ndani ya kiganja changu. Sikuhitaji kutazama, ile nyota niliigusa kwa kidole. Nikafunga ngumi haraka.

Lakini mwanamke aliyekagua mabegi yote yale kwa mkono wake hapitwi na kitu kidogo. Machozi yake yakakauka palepale. Akatazama ngumi yangu, akamtazama Marashi, akarudi kwenye ngumi.

"Amekupa nini?"

"Hamna kitu."

"Baba watoto," akasema, na sauti haikuwa ile ya mwanzo. "Fungua mkono."